Vumbi la Mirihi na Maneno Niliyokuficha

Uhispania, Jumanne baada ya adhuhuri

Kwako Baba Nasra,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe, namsalimu mama, na shikamoo yake uifikishe kabla hujakaa kitako. Nasra mbusu kwenye paji la uso, pale penye kovu la mlango. Kiwiliwili mimi ni mzima, kikohozi kile ulichokisikia kwenye simu kimeondoka. Goti la mama linaendeleaje na ngazi za msikitini? Jino la Nasra lililokuwa linacheza limeng'oka, au bado analitikisa kwa ulimi? Na ile mashine ya boti uliyosema inakunywa mafuta kuliko mwenyewe anavyokunywa chai, umeipatia dawa?

Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu unanishika mkononi ukizunguka uani kutafuta mtandao, mama yuko jikoni anauliza ninasemaje, Nasra anapitapita. Ninayotaka kukuambia hayaenei humo. Yasome peke yako, kisha utaamua mwenyewe mama asikie kipi. Barua ataichukua Upendo, yule muuguzi wa Kimara niliyekuambia anasoma huku. Anakwenda likizo, na kaka yake ni mwalimu pale Kanga, kwa hiyo itavuka bahari kutoka Nyamisati mpaka mkononi mwako bila kupotea.

Tangu nianze kuandika nimekwisha kuinuka mara mbili. Mara ya kwanza niliweka maji ya chai jikoni, mara ya pili nikayaepua kabla hayajachemka. Ndivyo nilivyo siku hizi. Naanza jambo naliacha, navaa viatu nakumbuka sina pa kwenda, navivua. Upendo ameniambia nikatazamwe damu. Nikamwambia damu haina neno.

Ngoja nianze na kazi, maana usipoielewa kazi hutalielewa kosa.

Unajua kwamba nasoma hali ya hewa ya Mirihi, na unajua jinsi watu wa Utende walivyocheka waliposikia. Lakini sidhani nimewahi kukueleza vizuri siku yangu inavyokwenda. Mashine yetu haina magurudumu. Imekaa palepale ilipotua, kwenye uwanda wa mchanga na mawe, kama meza iliyokunjuliwa mbawa mbili za sola. Juu yake kuna vipimo vya mambo yaleyale niliyokuwa nayasoma kituoni Kilindoni: joto, upepo, mgandamizo wa hewa. Kilindoni nilikuwa natoka nje na daftari. Huku nasubiri chombo kingine kinachoizunguka sayari kipite juu ya mashine, kiyachukue maneno yake na kuyarusha duniani. Yakifika, nayafungua.

Siku ya kule inaizidi yetu kwa kama dakika arobaini, kwa hiyo zamu yangu nayo inasogea. Wiki hii naingia asubuhi, wiki ijayo mchana, nyingine natoka watu wanakwenda kununua mkate. Mwili umekataa kuzoea. Naswali kwa jua la hapa, nafanya kazi kwa jua la kule, nakupigia wewe kwa jua la Utende. Majua matatu, Baba Nasra, na mtu ni mmoja.

Sehemu yangu hasa ni vumbi. Vumbi la kule ni jekundu, laini kuliko unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili, na hakuna mvua ya kulishusha. Linaelea, linatua juu ya sola, na kila siku mashine inapata jua pungufu kidogo. Mimi napima kiasi kilichotua na kiasi ambacho bado kiko angani, kisha nasema: kwa mwendo huu, imebakiwa na siku kadha.

Mama aliwahi kuniuliza, "Hao walioweza kuifikisha huko wameshindwa kuweka mtu wa kufuta?"

Nikamwambia, "Hakuna mtu, mama. Wala maji hakuna."

"Maji hakuna kabisa? Basi ni kama kisiwani Jibondo nilipokuwa mwari, tunangoja chombo kituletee. Lakini sisi vitambaa tulikuwa navyo."

Niliwatafsiria kazini. Mkuu wangu, mama mmoja mtu mzima aitwaye Amparo, alicheka mpaka akavua miwani, akasema mkwe wangu angekuwepo siku mashine inachorwa tusingekuwa na taabu.

Kinachofuta kule ni chamchela. Ndiyo, kule nako ziko. Adhuhuri ardhi ikishapata moto, upepo unajizungusha, unainuka na vumbi lake, unatembea. Ukipita juu ya mashine, mgandamizo unashuka kwa sekunde chache kisha unarudi, upepo unageuka, na mara nyingine sola inabaki imepanguswa. Mimi mtoto wa Kanga, niliyekatazwa na bibi yangu kuinyooshea chamchela kidole, ndiye ninayezihesabu.

Hiyo ndiyo kazi. Sasa makosa. Yapo mawili, na la kwanza ni lako, maana yake nimekukosea wewe.

Mwaka jana nilipokuambia mkataba wangu umeongezwa, nilisema wamenibana, kwamba siruhusiwi kuondoka mpaka mashine inyamaze. Nikasikia boti inapita nyuma yako. Kisha ukasema, "Kama ni amri, ni amri. Tutavumilia, Mama Nasra."

Haikuwa amri. Amparo aliniwekea karatasi mbili mezani, moja ya kurudi nyumbani kwa heshima zote, nyingine ya kubaki mpaka mwisho wa mashine. Aliniambia nikae nazo wiki nzima, nizungumze na familia. Nikaitia saini ya kubaki kabla hajafika mlangoni.

Usitafute sababu kubwa. Niliipenda kazi. Kila zamu nafungua upepo ambao hakuna binadamu mwingine amewahi kuusoma. Kilindoni nilikuwa naandika mvua ambayo kila mtu ameshalowa nayo. Huku nikiandika, ndipo jambo linajulikana kwamba limetokea. Hilo lilinilevya. Na sikuthubutu kukuambia kwamba nimechagua, kwa sababu niliona mke aliyezuiwa anaonewa huruma, mke aliyechagua anasemwa. Watu wakawa wanakuuliza ufukweni, "Shomari, mkeo lini?" Nawe ukawajibu kwa uongo wangu ukidhani ni kweli.

Zamu imefika. Naacha hapa.

Jumatano asubuhi

Nimeyasoma ya jana. Nilitaka kuichana barua. Badala yake nimetoka nje nikazunguka mtaa mzima. Mji huu una upepo wake, baridi na kavu, unashuka kutoka milimani siku tatu mfululizo bila kupumzika. Wenyeji wanasema unawatia watu kichaa kidogo. Mimi naona umenikuta tayari.

Nilipokuwa nimeipenda kazi hivyo, utauliza, imekuwaje nikataka kurudi? Nitakuambia siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, wiki nne zilizopita, nilipopiga simu mkiwa mmemaliza kula. Nilikuomba unipe Nasra. Uliishusha simu ukidhani umeifunika, lakini nilimsikia mtoto akinong'ona, "Mwambie nimelala."

Ukarudi ukaniambia, "Amelala, Mama Nasra. Leo wamecheza sana."

Sikulaumu. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Tukaongea habari za paa na habari za mama, nikakata simu, nikakaa kitandani na koti langu mwilini. Miaka sita aliyonayo Nasra, ameshajua kwamba mimi ni mtu wa kukwepwa kwa adabu. Hakusema hanipendi. Amechoka tu na sauti inayomuuliza kila mara amekula nini.

Kesho yake, Ijumaa, tulikuwa na kikao cha mashine. Msimu wa vumbi ulikuwa unakuja, ule ambao anga la kule huwa zito kwa miezi. Umeme wa mashine ulikuwa umeshapungua sana. Mbele yetu kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, tuvilaze vipimo vyote, umeme mdogo uliobaki upashe moto betri peke yake, mashine ijikunyate mpaka anga lisafike. Ya pili, kama haitavuka msimu huo hata tukivilaza, basi vipimo viendelee kufanya kazi mpaka pumzi ya mwisho, tupate walau habari za dhoruba inavyoanza.

Amparo akanigeukia. "Mwanaidi, vumbi ni lako. Tukivilaza, itavuka?"

Daftarini nilikuwa na hesabu mbili. Moja nilikuwa nimechukua siku zote tangu msimu uliopita. Nyingine nilichukua siku kumi za mwisho tu, siku mbaya, anga limechafuka. Ya kwanza ilisema huenda ikavuka, kwa taabu. Ya pili ilisema haivuki. Mtu yeyote mle chumbani angeweza kuitetea yoyote kati ya hizo, na ndiyo maana uongo wangu ulikuwa mtamu. Haukuwa na sura ya uongo.

Nikasema, "Haivuki."

"Una hakika?"

"Mwendo wa vumbi ndivyo unavyosema."

Vumbi halikusema kitu. Nilisema mimi, na niliposema nilikuwa naona mlango wa nyumba yetu. Nilijua wakiendelea kuitumia hivyo mashine itanyamaza ndani ya miezi miwili, na ikinyamaza, ule uongo niliokupa wewe utageuka ukweli, nitarudi bila kuulizwa na mtu. Unaona nilivyokuwa nimejipanga? Nilikudanganya wewe nipate kubaki, nikamdanganya Amparo nipate kuondoka.

Jumamosi nikakupigia. "Mashine inakufa," nikasema. "Narudi kabla ya Ramadhani."

Ulimwita mama kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi. Mama akapiga kigelegele kimoja, akakohoa, akapiga cha pili. Ukaniambia utabadilisha makuti upande wa chumbani na utapaka chokaa. Nikacheka na nyinyi. Na tangu nilipokata simu ile sijakaa mahali pamoja nikatulia.

Kazini vipimo viliendelea. Kila nilipofungua maneno ya mashine niliona inavyotumika. Ilikuwa inanipa upepo wa asubuhi, upepo wa mchana, joto la jioni, kila kitu kwa wakati wake, haijui kwamba inajimaliza kwa neno langu. Najua ni chuma. Hata mashine za boti unazozitengeneza ni chuma, lakini nimekuona ukiifungua moja iliyokaushwa mafuta na mwenyewe, ukasema, "Huyu kaifanyia ukatili." Neno hilo lilikuwa linanijia nikiwa kwenye foleni ya mkate.

Wiki mbili nilivumilia. Kisha Jumapili moja nilikwenda ofisini hakuna mtu, nikaufungua mgandamizo wa siku zote, si zile kumi, nikaanza kuzihesabu chamchela moja moja. Sikuwa nimezihesabu zile ndogo. Zile kubwa tu zinazopangusa sola kwa mara moja ndizo tulizokuwa tunaziandika. Kumbe ndogo zilikuwa zinapita karibu kila adhuhuri, hazisafishi kitu cha kuonekana, lakini zinachukua kidogo. Leo kidogo, kesho kidogo. Vumbi halikuwa linapanda kwa kasi niliyosema. Ile hesabu ya kwanza, ya huenda, ilikuwa karibu zaidi na kweli, na kweli yenyewe ilikuwa nzuri kuliko hiyo.

Nilikaa pale mpaka taa za ukumbini zikajizima zenyewe kwa kuona hakuna anayetembea. Ningeweza kusema nimegundua jambo jipya. Ningesifiwa, wallahi. "Mwanaidi kaona chamchela ndogo." Vipimo vingelazwa, na kosa langu lingezikwa chini ya sifa. Nililifikiria hilo njia nzima ya kurudi, na nilipofika kwangu nilikuwa nimeshalipangia maneno.

Jumatatu niliingia kwa Amparo na karatasi zangu. Nikamwonyesha hesabu. Alizipitia mara mbili, akaanza kutabasamu.

"Hii ni kazi nzuri sana," akasema. "Kwa nini hukuiona kabla?"

Hapo ndipo maneno niliyoyapanga yaliponikimbia. Nikasema, "Hesabu ya kwanza nilikuwa nayo siku ya kikao. Ilisema huenda ikavuka. Niliificha."

"Uliificha?"

"Nilikuwa nayo daftarini. Nikachagua ile mbaya."

Alivua miwani. "Kwa nini?"

"Nilitaka kwenda nyumbani."

Kiingereza chetu ni cha kuazima sote wawili, kwa hiyo akikasirika huwa anatafuta neno, na ule muda wa kulitafuta unaumiza kuliko neno lenyewe. Akasema, "Ungeniambia hivyo, ningekukatia tiketi mchana uleule. Mimi nina watoto. Nilikuweka pale unipe vumbi, Mwanaidi. Umeniletea hamu yako, ukaiita vumbi."

Nilianza kuzikusanya karatasi zangu mezani.

"Tumetumia wiki mbili za umeme," akasema. "Labda ndizo zilizokuwa za kuvukia."

"Najua."

"Hapana, hujui. Mimi pia sijui. Ndiyo shida yenyewe."

Akainuka akaenda kuwaita wenzetu. Siku ileile wakaandika amri ya kuvilaza vipimo, ikarushwa. Mashine ikajibu kwamba imesikia, kisha ikalala. Mbele ya wote Amparo alisema hesabu ilikosewa na sasa imesahihishwa, hakunitaja zaidi ya hapo. Lakini tangu siku ile hesabu ya vumbi sifanyi peke yangu. Mwenzangu mmoja anaketi pembeni, tunasoma kila mstari wawili. Ni haki yake, na inanichoma.

Tulipobaki sisi wawili aliniuliza, "Unataka kuwa wapi?"

Nikamwambia, "Sijui."

"Hilo angalau halijapikwa," akasema. "Nenda kalifikirie. Uniambie."

Mashine inalala siku kumi na moja, kisha itaamka kwa dakika chache, iseme neno moja, ilale tena. Hiyo siku ya kuamka ni Ijumaa, keshokutwa. Ikinyamaza Ijumaa, tutajua kwamba zile wiki mbili ndizo zilizoiua, na aliyezipoteza wiki hizo ni mimi. Sasa unaelewa kwa nini Upendo anataka nikapimwe damu. Nasimama nakaa. Hata swala naiswali kama mtu anayewahi chombo, na hakuna chombo.

Na jibu la Amparo sijalitoa. Kuna sauti ndani yangu inasema ngoja Ijumaa: ikifa, umerudi, ikipona, ndipo uangalie. Naijua sauti hiyo. Ndiyo ileile iliyosema haivuki.

Jumamosi

Nimeacha siku mbili. Nianze na Alhamisi.

Alhamisi sikwenda kazini, zamu ilikuwa ya mwenzangu. Nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nilipokuwa naanika nikajiuliza swali moja tu: kama ingekuwa mashine haifi kabisa, miaka yote, ningemwambia nini Nasra? Kwamba kuna kitu kinachonizuia? Hakuna kitu. Sikuwahi kuzuiwa. Ningemwambia nimeupenda upepo wa kule kuliko kukaa naye, na angekuwa ameshakua vya kutosha kuelewa. Nikaacha nusu ya nguo kwenye ndoo, nikapanda basi mpaka ofisini.

Amparo alikuwa anakula machungwa mezani kwake. Nikamwambia, "Nataka kurudi nyumbani. Nimekuja leo kwa sababu ya kesho. Sitaki mashine ndiyo iamue."

Alinisogezea kipande cha chungwa. "Ikizungumza kesho utajuta."

"Nitajuta," nikasema. "Hata sasa najuta."

"Na bado?"

"Na bado narudi."

Alitikisa kichwa, akafuta mikono, akavuta karatasi kutoka kwenye kabati. Nikatia saini. Safari hii niliisoma yote kwanza, mstari kwa mstari. Naondoka mwisho wa mwezi huu, baada ya kumkabidhi mwenzangu vitabu vyote.

Jana tulikusanyika chumba kile cha kikao. Saa ya mashine kuamka ilifika, ikapita. Maneno yanachukua dakika nyingi kusafiri, sote tunajua, lakini watu walikuwa wanatazama kioo kama mlango wa chumba cha uzazi. Mimi nilisimama nyuma, ukutani. Nilisoma Ayatul Kursi nusu, nikasahau mahali nilipo, nikaanza upya. Mwenzangu mmoja akasema, "Bado." Baadaye kidogo akasema tena, "Bado." Nilijaribu kujizoeza kwamba imekufa. Nilijiambia, Mwanaidi, hii ndiyo sura ya jambo ulilolifanya, liangalie.

Kisha mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. Mifupi, kama ilivyoamriwa: betri, joto la ndani, umeme wa sola. Watu wakaruka. Kuna aliyeangusha kikombe. Amparo hakuruka. Aliisoma mistari polepole, akageuka akanitafuta kwa macho mpaka akaniona ukutani.

"Njoo usome wewe," akasema.

Nilikwenda nikasoma kwa sauti. Betri ina moto wa kutosha. Umeme wa sola umeongezeka kidogo tangu ilale, si sana, lakini umepanda wala haukushuka. Chamchela ndogo zimeendelea kupita, na safari hii hapakuwa na kipimo cha kuzihesabu.

Nilifurahi, Baba Nasra. Sitakuficha tena kitu, kwa hiyo nakuambia na hili: nilifurahi, na papo hapo nikaona wivu. Kuna mtu mwingine atakayeufungua upepo wa kwanza anga likisafika. Nilikwenda nikanawa uso, nikarudi, nikakaa na mwenzangu tukaanza kukabidhiana. Usinitarajie nirudi nimetulia. Nitakuwa nyumbani, nitapika, nitaomba kazi yangu ya Kilindoni kama bado wananitaka, na zipo siku utaniona nimesimama uani adhuhuri natazama vumbi la njiani. Ukiniuliza nawaza nini, nitakujibu kweli. Hicho ndicho ninachoweza kukuahidi.

Makuti kama umeshabadilisha, ahsante. Kama ulipofika kwenye karatasi ya kwanza uliiacha kazi hiyo katikati, nitaelewa. Una haki ya kukasirika mwaka mzima, ule uleule niliokuibia. Nasra usimlazimishe kunikimbilia. Mwambie mama yake anakuja, na kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemzuia. Akikuuliza kwa nini basi alichelewa, mwambie aniulize mwenyewe.

Mpe mama shikamoo ya pili, na dawa ya kuchua goti iliyo kwenye kifurushi cha Upendo. Msalimie wifi yangu Mwajuma, na mwambie nywele za Nasra nimeziona kwenye picha, mkono wake wa kusuka hauna mfano. Mwalimu wa madrasa wa Nasra mfikishie salamu na radhi zangu kwa kutowahi kumjua hata jina. Shangazi yangu wa Kanga, ukipita njia ya huko, mwambie nakuja na sikukonda kama anavyosema. Na wenzako wa boti za hifadhi ya bahari, wale wanaokuuliza mkeo lini, safari hii uwajibu kwa kutaja siku.

Nitavuka kutoka Nyamisati Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Sitakupigia simu kabla ya hapo, nisije nikakuomba jibu ambalo hujalipata. Ukiwepo Kilindoni chombo kikifika, Alhamdulillah. Usipokuwepo sitamuuliza mtu kwa nini. Nitapanda bodaboda na begi langu mpaka Utende, nitasimama nje ya mlango wetu na kubisha hodi kama mgeni, nami nitangoja hapohapo mpaka mwenye nyumba aseme karibu.

Mkeo,
Mwanaidi, Mama Nasra